Uhasibu, umeme au kompyuta: ada ya mtoto mmoja tuipeleke wapi?

Kaka yangu ana ada ya mtoto mmoja na washauri kumi. Binti yake alimaliza Senior Six, akapata alama nzuri za hesabu na fizikia, na tangu matokeo yatoke nyumba haikaliki. Baba mtu anataka asome diploma ya uhasibu, akae ofisini kwenye kivuli. Mama mtu anataka uuguzi. Binti mwenyewe anataka kompyuta, maana ana rafiki Kampala anayelipwa kwa dola bila kutoka chumbani. Nami nilipotaja umeme, ufundi wa kupanda ngazi na kuvuta nyaya, kaka akaniuliza kama kweli namtakia mwanawe mema.

Nyuma ya ubishi wote huo kuna swali moja: akili mnemba imeingia, sasa mtoto akitoka chuoni baada ya miaka miwili mitatu atakuta kazi gani inamngoja? Najua hatuko peke yetu. Muhula huu wazazi wengi wa Uganda wamekaa kwenye meza kama hiyo, fomu nne mbele yao na pesa ya moja. Basi nimezilinganisha njia hizo nne kadiri ninavyozijua. Upande ninao, sitauficha.

Kiti kilichobaki tupu

Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Nilianza 1998 na taipureta moja. Mashine zimeninyang'anya kazi mara tatu: kompyuta ilipokuja, simu za kupiga picha zilipokuja, na hii ya juzi. Bado nafungua duka kila asubuhi.

Mtu akitaka kuona teknolojia inavyozaa kazi na kuila, asiende mbali, atazame mwavuli mmoja wa barabarani. Mwaka 2003 MTN ilileta simu za kijiji, na mama aliyepata moja akawa anawapigisha watu kwa dakika. Ilikuwa biashara ya heshima. Simu za mkononi zilipokuwa rahisi, biashara ile ikafa, na mama yuleyule, chini ya mwavuli uleule, akauza kadi za kukwangua. Mwaka 2009 pesa za simu zikaingia, akawa wakala. Mwaka 2018 kadi za kukwangua zikaondolewa sokoni kwa amri, na mwaka huohuo serikali ikaweka kodi kwenye pesa za simu, ambayo baada ya kelele nyingi ilibaki nusu asilimia kwa anayetoa. Leo wateja wanazidi kulipa dukani moja kwa moja kwa simu, noti haishikwi, na wakala hapati kamisheni. Mwavuli mmoja, kazi tatu, miaka 20 na kidogo. Hakuna kazi iliyodumu kati ya hizo. Kilichomwokoa mama huyu ni kwamba kila kazi mpya ilianzia pale alipokuwa amekaa, na aliweza kujifunza huku anauza.

Kwangu mambo yalikwenda kombo hapo hasa. Kabla ya 2023 sikuwahi kukosa wasichana wawili watatu wanaojifunza. Msichana alianza kwa kunakili maandishi ya mkono: ripoti za wanafunzi, barua za kuomba kazi, katiba za vikundi vya akiba. Akikosea namrudishia. Baada ya miezi sita alijua barua ya ofisi inaanzaje, makubaliano ya kuuza shamba yanataka mashahidi gani, na mteja gani hulipa kesho isiyofika. Hapo namwachia duka nikaenda msibani. ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na haukupita mwaka kabla wanafunzi hawajaanza kuja na ripoti zimeshaandikwa kwenye simu, wanataka kuprinti tu. Kurasa za kunakili zikakauka.

Duka halikufa. Picha za paspoti zipo, fomu za serikali za mtandaoni zipo, na wazee bado wanakuja kunisimulia ugomvi wa mpaka wa shamba kwa Kisamia, nami nauandika kwa Kiingereza cha kupeleka kwa LC, baraza la kijiji. Mashine hunisaidia kukinyoosha hicho Kiingereza, nakiri. Kisamia inakiboronga. Lakini tangu wakati ule sijapokea mwanafunzi hata mmoja, maana sina kazi ndogo ya kumwanzishia. Mwenye duka yuko, kiti cha anayejifunza ndicho kitupu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kazi fulani "itafutwa na mashine", namrudishia swali lingine: kazi hiyo mtu huanzia wapi, na je, mahali pale pa kuanzia pangalipo? Nimezipima njia zote nne kwa swali hilo.

Bidhaa isiyopita forodha

Kwanza nambari, kwa kuwa kaka yangu anapenda nambari. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walipima aina 702 za kazi za Marekani, wakasema asilimia 47 ya ajira za kule zimo hatarini. Kwenye orodha yao karani wa vitabu vya hesabu alipewa uwezekano wa asilimia 98 wa kazi yake kufanywa na mashine, mhasibu na mkaguzi 94, fundi umeme 15, muuguzi chini ya 1. Miaka mitatu baadaye watafiti wa OECD, shirika la nchi tajiri, wakasema hapana, kazi haihesabiwi kama gunia zima, ifungue utoe shughuli moja moja. Wakapata asilimia 9. Mwaka huohuo wa 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa mababa wa akili mnemba, alisema watu waache sasa kuwasomesha madaktari wa kusoma picha za eksirei, ndani ya miaka 5 mashine itawapita. Muda huo umekwisha zamani na hospitali za Marekani bado zinawatafuta madaktari hao. Kwa hiyo nambari hizi nazichukua kama utabiri wa mvua: unabeba mwavuli, huuzi shamba.

Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema Januari 2024 kwamba karibu asilimia 40 ya ajira za dunia zitaguswa. Kwenye nchi tajiri asilimia 60, kwenye nchi za kipato cha chini 26. Mganda akisoma hapo anashusha pumzi. Anasema, sisi bado, acha wazungu watangulie.

Zamani angekuwa sahihi. Mashine ya chuma hutujia polepole. Inanunuliwa kwa dola, inapita bandarini, inalipiwa ushuru, spea yake inangojwa wiki tatu, na upande wa pili kuna mikono inayolipwa kwa shilingi. Ndiyo maana hata Kampala utaona zege la ghorofa linapandishwa kwa karai wakati mashine ya kulipandisha inajulikana. Tena mashine ya chuma inaonekana, na inayoonekana hupingwa: kule Kericho, Kenya, Mei 2023 watu walizichoma moto mashine za kuchuma chai.

Programu haina spea. Trekta likija Uganda tunaliona likipanga foleni hapa Busia au Malaba. Akili mnemba haikupanga foleni. Siku ilipofunguliwa London ilifunguliwa na hapa, kwa bando la mtu aliyekaa kwenye benchi langu. Haina haja ya kushindana na kibarua wa karai. Inakwenda moja kwa moja kwenye meza, ambako karatasi na maneno yako. Shirika la Kazi Duniani lilipoichunguza mwaka 2023 lilikuta ukarani ndio unaoguswa kuliko kazi nyingine zote, na kwa kuwa makarani wengi ni wanawake, wao ndio wataumia kwanza. Wazazi wetu walituambia soma uachane na jembe. Jembe safari hii limesahauliwa, meza ndiyo imefuatwa.

Na mfano tunao hapahapa. Vijana wengi wa Busia walikuwa wakila kwenye kliaringi: kujaza karatasi za mizigo, kukimbia na faili kutoka dirisha hadi dirisha. Kuanzia 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, mizigo ikaanza kumalizwa makaratasi inapoingilia, Mombasa, kwa kompyuta. Mwaka 2018 kituo chetu cha mpaka kikafunguliwa rasmi kuwa cha pamoja, lori linakaguliwa mara moja badala ya mbili. Dereva alishukuru, mfanyabiashara alishukuru. Wakala mkubwa mwenye leseni yupo mpaka leo. Kijana wa kukimbia na faili hayupo, na yeye ndiye angekuwa wakala mkubwa wa kesho.

Uhasibu

Kaka haoti. Uhasibu umewavusha watu wengi, na hesabu ya nchi haiwezi kuachwa bila mwenyewe. Shida iko kwenye ngazi za chini. Mhasibu mpya hupewa nini mwaka wa kwanza? Kuingiza risiti kwenye kitabu. Kulinganisha taarifa ya benki na daftari la malipo. Kuandaa jedwali la mishahara. Kuandika barua za kukumbusha madeni. Ukizitazama moja moja, hizo ndizo shughuli ambazo programu huzifanya usiku mmoja bila chai. Ofisi iliyokuwa na makarani watano itabaki na mmoja mwenye uzoefu na kompyuta, na huyo mmoja hatakuwa mtoto aliyetoka chuo jana.

Kuna kitu kimoja kinanipinga, na ni haki nikitaje. Uganda ina EFRIS, mfumo wa mamlaka ya mapato, URA, wa risiti za kielektroniki ulioanza 2021. Wafanyabiashara hawakuupenda, Aprili 2024 wa Kampala walifunga maduka kwa ajili yake. Lakini mfumo ule, ambao ni mashine kwa kila hali, umezaa kazi. Mwenye duka la jumla aliyesoma mpaka P7, darasa la saba, anahitaji mtu wa kumtolea risiti, kumpangia bidhaa kwenye mfumo, kumwasilishia ritani ya kodi kila mwezi. Nawajua vijana wawili hapa mjini wanaowahudumia wenye maduka kumi na zaidi kila mmoja, na mmoja wao hana diploma. Kijana anaweza kuanzia hapo. Nitakuwa mwongo nikisema hakuna mlango kabisa.

Mlango huo naufananisha na kadi za kukwangua. Umefunguka kwa sababu mfumo ni mgumu kwa mwenye duka. Siku utakapokuwa mwepesi, au simu itakapoweza kuongea naye kwa Kiswahili au Luganda na kumjazia, utafungwa. Wataalamu wa Sunbird AI na Chuo Kikuu cha Makerere wameshakusanya maneno ya Luganda, Acholi, Ateso, Lugbara na Runyankole ya kufundishia mashine. Siku hiyo si ya wajukuu wetu, ni yetu.

Anayebaki salama kwenye uhasibu ni mwenye saini. Nchini kwetu saini hiyo inatoka kwa chama cha wahasibu, ICPAU, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, na mtihani wake wa CPA, wa kuwa mhasibu aliyeidhinishwa. Hesabu zikikutwa na uongo, hakimu haiti programu, anaita aliyesaini. Mtoto mwenye moyo wa kusoma miaka mingine baada ya diploma, na baba mwenye pumzi ya kulipa mitihani hiyo, waende. Lakini diploma peke yake, ya kupata meza? Hiyo sitaiuzia shamba.

Umeme

Hapa ndipo kaka alipokunja uso. Kwake ufundi ni wa walioanguka mtihani. Nilimkumbusha kwamba Makerere yenyewe, anayoitamka kwa kunyanyua kidevu, ilifunguliwa 1922 ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi 14 wa kwanza walikwenda kusoma useremala, ujenzi na umakanika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ilikuwa zamani.

Tuanze na kipimo. Mwanafunzi wa umeme huanza kwa kushika ngazi, kuchimba mfereji wa bomba ukutani, kuvuta waya, kupitisha kamba darini kwenye popo na vumbi. Hizo kazi ndogo zote zipo. Hakuna programu ya kupita darini kwa mzee wa Samia aliyejenga nyumba kwa awamu tano na mafundi watano, kila mmoja na rangi zake za nyaya. Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, alisema tangu 1988 kwamba lililo gumu kwa mtu ni jepesi kwa kompyuta, na lililo jepesi kwa mtoto wa mwaka mmoja, kuona, kushika, kutembea, ndilo linaloitoa mashine jasho. Kila nyumba ya Uganda ni ushahidi wake.

Kuna mfano mzuri ndani ya sekta yenyewe. Zamani msoma mita alipita nyumba kwa nyumba na daftari, mbwa wanamfukuza. Mita za Yaka za kulipia kabla zilipoanza kufungwa 2011, daftari likaondoka na msomaji wake, na foleni ya kulipa bili ikaondoka na karani wa dirishani. Lakini ni nani aliyezifunga hizo mita? Mafundi. Mashine ileile iliyomfukuza aliyeandika nambari ilimpa kazi aliyeshika bisibisi.

Na saini iko hapa pia, tena karibu zaidi. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, hutoa vibali vya kufunga nyaya, na nyumba inayotaka kuunganishwa huhitaji cheti cha fundi mwenye kibali. Nyumba ikiungua anatafutwa yeye. CPA atahitaji miaka mingi kufika kwenye saini yake. Fundi anafika mapema zaidi na huku anakula kazini.

Sasa mabaya yake, maana mimi ninayeupendekeza umeme nisiyafiche. Wateja hawalipi kwa wakati, na fundi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Shoti inaua. Sola za siku hizi zinakuja zimekamilika kwenye boksi, mtu anachomeka mwenyewe, kwa hiyo fundi aliyejua kufunga taa tatu tu ameshaanza kukosa kazi. Anayetafutwa ni wa kupiga hesabu ya betri, inveta na pampu ya maji. Asidanganyike pia na mitambo mikubwa. Ule wa sola wa Soroti, megawati 10, ulipozinduliwa Desemba 2016 ulisifiwa sana, lakini mtambo kama huo ukishajengwa huendeshwa na watu wachache. Riziki iko kwenye mapaa ya watu.

Halafu ni msichana. Mwaka wa kwanza kila mteja atamuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Hili sina dawa yake. Ninajua tu kwamba mama wengi walio peke yao nyumbani mchana wangependa fundi wa kike aingie chumbani kwao, na hilo ni soko.

Kompyuta

Neno "kompyuta" lina mambo matatu ndani yake, na rafiki wa Kampala hakumwambia mtoto ni lipi.

La kwanza ni kuifundisha mashine: kuchora visanduku kuzunguka magari na watu kwenye picha, kusikiliza sauti na kuziandika, kuhukumu jibu lipi ni bora. Gulu vijana wameifanya kazi hii kwa miaka mingi. Huanza bila mtaji na dola huonekana. Lakini jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuchuja maandishi machafu ili ChatGPT iyajue walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na wengine walibaki na majeraha ya moyoni. Tena ni kazi inayojichimbia kaburi: kisanduku cha elfu kumi kikishachorwa, cha elfu kumi na moja mashine hukichora yenyewe, mtu hubaki kusahihisha. Huo ni msimu, si fani. Aingie kwa macho wazi, ale, aweke akiba, atoke.

La pili ni kuandika programu. Frey na Osborne mwaka 2013 waliwaweka wasanidi wa programu kwenye usalama, asilimia 4 tu. Kisha mashine zikaanza kuandika programu. Msanidi mkongwe amefurahi, anafanya kazi ya watu watatu. Wale wawili waliopunguzwa ndio waliokuwa wanaanza. Kiti kitupu tena, kama dukani kwangu. Mtoto hodari kweli atapenya, anayesoma programu saa nane za usiku kwa mapenzi. Wetu anapenda dola. Programu bado hajaandika hata moja.

La tatu ndilo lililonifurahisha, nalo halina jina zuri. Ni kompyuta iliyoshikana na kitu. Pale Makerere kundi la AirQo lilitengeneza vifaa vya kupima uchafu wa hewa, vikafungwa juu ya majengo na hata kwenye boda boda (ambazo, mtu wa Busia lazima aseme, zilizaliwa hapa, kwa baiskeli za kuvusha watu kutoka boda hadi boda). Akili mnemba inasoma takwimu, ndiyo. Lakini kuna mtu aliyeunganisha betri ya sola, akaziba kifaa kisiingie mvua, akapanda kukifunga, na hurudi kikizimika. Mtu huyo anajua umeme kwanza, kisha kompyuta. Kinyume chake ni kigumu.

Uuguzi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kwenye swali la mashine jibu ni rahisi. Makerere, Rose Nakasi na wenzake wamefundisha simu iliyofungwa kwenye hadubini itambue vimelea vya malaria kwenye damu, na inasaidia kwa kuwa watu wa maabara ni wachache. Haimgeuzi mgonjwa kitandani. Mwanafunzi wa uuguzi bado ana pa kuanzia, wodi zimejaa. Tatizo ni la zamani kuliko kompyuta: ada kubwa, na wauguzi waliosoma wakikaa nyumbani kungoja serikali itangaze nafasi. Na mtoto huyu akiona damu anakaa chini. Wifi amesahau hilo, mimi sijasahau.

Bega kwa bega

Nikiziweka pamoja, hivi ndivyo ninavyoziona. Kwa pa kuanzia: umeme na uuguzi pamejaa kazi ndogo, uhasibu pamebaki mlango wa EFRIS ambao sijui kama utamngoja mpaka amalize, programu pamebana. Kwa saini, yaani nani anaulizwa kikiharibika: muuguzi, fundi mwenye kibali na CPA wote wanayo, mchora visanduku hana. Kwa muda wa kufika kwenye pesa ya kwanza, kuchora visanduku kunashinda wote na CPA anashindwa na wote. Kwa heshima kwenye harusi, uhasibu unaongoza, na nisicheke, maana heshima nayo ni sehemu ya maisha.

Mtoto ana kichwa cha hesabu, subira, na mzazi anayeweza kulipa miaka mitano sita? Uhasibu, lakini apange CPA tangu siku ya kwanza. Ana hesabu na fizikia, pesa ni ya miaka miwili tu, na haogopi kuchafuka? Umeme, na jioni ajifunze kompyuta kwa simu, bure, mashine yenyewe ikimfundisha. Hapo ni mwalimu mzuri. Ana mapenzi ya programu yasiyohitaji kusukumwa? Muacheni. Hana pesa kabisa? Aanze kwa kumshikia ngazi fundi mzuri. Uganda kuna utaratibu wa kumpima mtu ujuzi alioupata kazini na kumpa cheti, hata kama hakukaa darasani.

Jambo moja nimwambie kila mzazi kabla hajalipa: nendeni mahali panapofanyika kazi hiyo, mhesabu walioanza mwaka huu. Msimuulize mkubwa wa ofisi kama kazi ina soko, atasema ndiyo, yeye anayo. Ulizeni ni lini mara ya mwisho alipompokea mtu asiyejua kitu.

Kaka alifanya hivyo, kwa hasira nadhani, ili anionyeshe. Alikwenda kwa rafiki yake mwenye ofisi ya uhasibu Tororo, akakuta watu wawili wa makamo na kompyuta nne. Siku hiyohiyo akapita kwenye nyumba ya wageni inayojengwa njiani, akakuta fundi umeme na vijana wanne, mmoja hata plaisi hajui kushika vizuri. Hakuniambia lolote kwa siku tatu. Kisha binti akaja dukani peke yake.

"Shangazi, baba amesema nijaze ya Mbale."

Ni ile ya chuo cha ufundi cha Elgon, diploma ya umeme. Tuliijaza pamoja kwenye kompyuta yangu. Inadai picha mbili za paspoti. Nimempiga nne, mbili za akiba, na sijamtoza.